Tuulizane: nani anaongoza wodi zetu hapa Mwanza?

MkungaWaZiwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mkunga, kituo changu kiko huku kandokando ya ziwa, jina lake silitaji na msinibane. Nimeleta uzi huu kwa sababu mijadala ya hospitali hapa kwetu inaishia mahali pale pale kila siku: majengo na mashine. Kiongozi akija wodini anaonyeshwa jengo jipya, anapigwa picha kando ya mashine, anaondoka. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza, "Inchaji wa wodi hii ni nani, na ana mamlaka gani?"

Hoja yangu ni hii, mnaoipinga pingeni kwa hoja. Huduma anayoipata mgonjwa kitandani inaamuliwa na muuguzi anayeongoza wodi, yaani inchaji, kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini, mganga mfawidhi (daktari mkuu wa hospitali) akiwemo. Na huyo ndiye tunayempata kienyeji kuliko wote. Anateuliwa kwa ukongwe, au kwa kuwa aliyekuwepo amehamishwa. Jana alikuwa muuguzi hodari wa kitandani, leo anakabidhiwa funguo za stoo na daftari la rosta, basi, ongoza. Hakuna aliyemfundisha kupanga watu, kusuluhisha ugomvi wa zamu, kusoma takwimu za wodi yake mwenyewe wala kumkatalia mkubwa kwa heshima. Na wagonjwa wake bado anao.

Chukueni wodi mbili za hospitali moja, korido moja, idadi ya wauguzi ile ile, dawa kutoka dirisha moja. Kwenye wodi ya kwanza, kila asubuhi inchaji anafungua troli ya dharura. Anawasha laringoskopu, kile kifaa cha kutazamia koo, aone taa inawaka. Anaubana mfuko wa kumpumulishia mgonjwa, anaziba mdomo wake kwa kiganja asikie kama unavujisha hewa. Anahesabu ampuli za adrenalini, anatazama geji ya mtungi wa oksijeni, ndipo anasaini. Dakika tano hazifiki. Kwenye wodi ya pili daftari la troli limesainiwa vizuri mno, mpaka tarehe ya kesho. Siku mgonjwa akikata pumzi ndipo mnajua mfuko una tundu.

Makabidhiano ya zamu ndiyo yanayoniuma zaidi. Kuna wodi ripoti inatolewa mezani, watu wamekaa: "Kitanda cha sita hana shida, cha saba hana shida, cha nane anasubiri daktari." Zamu imekwisha. Kuna wodi wanakabidhiana wamesimama kitandani, na pale dripu iliyosimama tangu usiku inaonekana, mkono uliovimba kwenye kanula (mrija wa dripu) unaonekana, pedi iliyolowa damu inaonekana. Tena mgonjwa mwenyewe anasikia anavyoelezwa, anasema, "Sista, hiyo dawa ya saa sita mimi sikupewa." Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo.

Kabla hamjaniambia haya ni maneno ya vijiweni, kuna utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu. Safer Births, hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Mwanza ikiwemo pamoja na Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara. Matokeo yalichapishwa 2025. Vifo vya watoto wanaozaliwa, ukijumlisha wanaozaliwa wafu na wanaofariki siku za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Vifaa vilikuwepo, sikatai. Ila kiini chake kilikuwa mazoezi mafupi yanayorudiwa mara kwa mara pale pale wodini, na mdoli wa kujifunzia kumpumulisha mtoto, wakunga wakisimamiana wenyewe na kutazama takwimu zao wenyewe. Swali kwa wenye uzoefu: mradi ukiondoka, nani anauamsha ule mdoli kabatini? Jibu ni inchaji. Akilala, mdoli nao unalala.

Karibuni.

KamangaFeri

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini unazunguka mbuyu. Muuguzi mmoja usiku, wagonjwa wamejaa hadi sakafuni, wawili wanaongezwa damu, mmoja ana degedege. Huyo umletee uongozi gani? Leteni ajira kwanza. Haya mambo ya "uongozi" yanawafaa sana wakubwa kwa sababu hayahitaji bajeti. Lawama yote inashuka chini kwa yule yule aliyeelemewa.

MtuWaIgoma

Mimi si mtu wa afya, ni fundi wa alumini. Nachangia kama ndugu wa mgonjwa. Tulimlaza mama hospitali moja hapa mkoani, sitaitaja. Wiki ya kwanza kila tukiuliza swali tunajibiwa "subiri daktari". Daktari akija ni kundi la watu, wanaongea lugha yao, wamepita. Mama anatuuliza sisi walichosema. Akahamishiwa wodi nyingine. Saa mbili asubuhi anakuja mama mmoja mwenye saa kifuani, anajitambulisha: "Mimi ndiye msimamizi hapa, leo mama ana kipimo hiki, dawa hii imebadilishwa kwa sababu hii, mkiwa na swali njooni mlango ule." Siyo kwamba dawa zilikuwa nyingi zaidi. Dawa nyingine bado tulitumwa kununua nje. Lakini tulijua nani wa kumuuliza, na hata wale manesi vijana lugha yao ilikuwa nyingine kabisa. Nikajiuliza, hospitali ni moja, mshahara nadhani ni mmoja, tofauti imetoka wapi?

DkZamuYaUsiku

KamangaFeri, una hoja kuhusu idadi, na takwimu ziko upande wako. Kuna utafiti mkubwa wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa 2014, hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Kwa hiyo tusidanganyane, uongozi hauzalishi watu.

Ila utafiti huo huo ulikuta kitu kingine: wauguzi wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo unashuka kwa asilimia 7. Maana yake si vichwa tu vinavyohesabiwa, hata kilichomo vichwani kinahesabiwa.

Niongezee la kwetu. Ile orodha ya ukaguzi wa usalama kabla ya upasuaji, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliisambaza dunia nzima, ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane za nchi nane, na mojawapo ni ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Ni karatasi moja tu. Jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa au bado, vitambaa vimehesabiwa au la.

Sasa mimi nimefanya kazi vyumba vya upasuaji vya aina mbili. Kwenye kimoja, muuguzi kiongozi anasema, "Daktari, hatujasoma orodha," na bingwa anashusha kisu, anangoja. Kwenye kingine karatasi inajazwa mgonjwa akiwa ameshatoka, tiki tiki tiki mpaka chini. Karatasi ni ile ile. Anayemfanya bingwa angoje ni muuguzi ambaye hospitali nzima inajua akisema "ngoja" matroni (mkuu wa wauguzi) na mganga mfawidhi watasimama nyuma yake. Bila hilo atanyamaza, na mimi simlaumu.

SistaMpya

Hapo kwenye kunyamaza ndipo kwenyewe, Dokta. Mimi nina mwaka wa pili kazini. Kuna dawa mbili ampuli zake zinafanana, rangi ya maandishi kidogo tu ndiyo tofauti, na zilikuwa zinawekwa boksi moja. Mwenzangu akaikamata kabla haijaingia kwa mgonjwa. Akaenda kutoa taarifa kwa nia njema ili zitenganishwe. Alichopata ni barua ya kujieleza. Tangu siku hiyo unadhani nani anatoa taarifa? Ampuli tumezitenganisha wenyewe kimya kimya, na wodi ya jirani hawajui mpaka leo.

Halafu kila mwezi kamati ya ubora inakaa inasema matukio ni sifuri, inajipongeza.

KamangaFeri

😂😂 Matukio sifuri. Hospitali ya mbinguni hiyo.

MatroniMstaafu

Wanangu, nawasalimu. Nimestaafu, nafuga kuku Buhongwa, lakini uzi huu umenitoa bandani.

Nimwanzie mleta uzi. Unasema inchaji hafundishwi. Kweli. Lakini hata akifundishwa, mtu asiye na mamlaka juu ya rosta yake si kiongozi, ni karani. Enzi zangu kama matroni jambo la kwanza nililopigania lilikuwa hilo. Inchaji alikuwa anapanga watu wake vizuri, mwenye uzoefu na mgeni pamoja, halafu saa tisa alasiri simu inatoka juu: "Huyo mtoe, anahitajika kliniki." Usiku wodi inabaki na watoto wawili waliotoka chuo juzi. Nikasema hakuna kumtoa mtu wodini bila inchaji kuambiwa na kukubali, na akikataa sababu zake zisikilizwe. Nilinuniwa sana. Lakini wagonjwa kukutwa wamefariki alfajiri bila mtu kujua walizidiwa saa ngapi kulipungua, na hilo mtu wa zamu ya usiku anajua ninachosema.

Jambo la pili: nilizunguka usiku. Bila kutangaza. Sikwenda kukamata waliolala, ukienda kwa nia hiyo utawakamata na hutajifunza kitu. Nilikwenda kukaa. Unakaa saa moja wodini saa nane usiku, unaona kwamba muuguzi anatembea korido nzima kufuata glavu kwa sababu stoo imefungwa na funguo ziko kwa mtu aliyeko nyumbani kwake Nyakato. Hakuna kikao kingekuambia hilo.

Sasa mambo ya 5S, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi. Tanzania tuliyapokea kuanzia 2007 kwa msaada wa Wajapani, Mbeya wakatangulia. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mimi ni muumini wake, wodi yenye vitu mahali pake inaokoa dakika, na dakika ni damu. Lakini nimeona jinsi inavyofanywa. Wageni wanakuja Jumatano, Jumatatu mistari ya njano inapigwa sakafuni, lebo zinabandikwa hadi kwenye feni. Wageni wakiondoka, baada ya miezi lebo inasema "sindano" na ndani kuna chaja za simu. S nne za kwanza unaweza kuzinunua kwa rangi na karatasi. Ya tano hainunuliki.

Hata ile tathmini ya nyota kwa vituo vya ngazi ya msingi. Ya 2015/16 ilituaibisha, zaidi ya theluthi moja ya vituo nchini vilipata nyota sifuri. Iliporudiwa 2017/18 waliobaki na sifuri walikuwa wachache sana, kama asilimia 4. Watu walikimbizana, wakajifunza, nawapa heshima yao. Ila kile kinachopimwa na mgeni kinaandaliwa kwa ajili ya mgeni. Mimi nataka kinachopimwa na wodi yenyewe.

Na tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, mkiwasha mishumaa mkala kiapo, mkumbuke huyo Florence Nightingale mnayemwashia hakubadilisha hospitali za jeshi kwa taa. Alihesabu. Mwaka 1858 alichora michoro ya kuonyesha kwamba askari wengi wa vita vya Krimea waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha. Inchaji wa leo ana simu yenye nguvu kuliko ofisi nzima ya wakati ule, ila ripoti ya mwezi anajaza anapeleka juu na hairudi kwake hata kwa mstari mmoja.

MkungaWaZiwa

Shikamoo matroni. Hapo kwenye funguo za Nyakato umenipiga.

Nansio2

Naandika kutoka Ukerewe. Wa mjini mnaongea kama rufaa ni kuvuka barabara. Sengerema walau wamepata daraja la Kigongo–Busisi tangu 2025, hawalali tena wakisubiri kivuko. Sisi visiwani bado tunasoma upepo. Ziwa likichafuka, hata ukiwa na gari la wagonjwa na mafuta na dereva, mama anakaa.

Kwa hiyo kwetu uongozi wa muuguzi ni jambo la saa. Mama anatoka damu baada ya kujifungua. Kwa kukadiria kwa macho kila mtu anaona "kidogo tu", shuka linanywa, godoro linanywa. Kuna utafiti uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ukatoka 2023. Waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu ikifika kiwango wanaanza matibabu yote kwa pamoja bila kungoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kuukaza), traneksamiki (dawa ya kugandisha damu), dripu, kuchunguza chanzo. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Hapo "bila kungoja" ndipo penye uongozi. Mkunga wa zamu anaruhusiwa kuanza yote matano kabla ya kumpata daktari, au lazima apige simu kwanza? Kwenye kituo kimoja ninachokijua karatasi ukutani inasema aanze. Lakini yule aliyeanza akasemwa mbele ya watu kwamba "anajifanya daktari". Waliofuata wote wanapiga simu kwanza. Mtandao ukikataa, unajua mwenyewe.

Na oksitosini inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku, nani anaangalia friji? Kama hakuna mtu mwenye jina lake kwenye hilo, asubuhi mnachoma maji.

KamangaFeri

Nansio2, hilo la mwisho nimelielewa kuliko yote. Sawa, nalegeza kidogo. Nakubali watu wale wale wanaweza kufanya vizuri au vibaya kutegemea nani anawaongoza. Lakini bado nauliza: inchaji mwenyewe anapata nini? Kazi mara mbili, lawama mara tatu. Mimi ningekuwa muuguzi ningekataa cheo hicho.

SistaMpya

Wanakataa kweli. Kwetu wodi moja ilikaa muda mrefu na "kaimu".

MkungaWaZiwa

Wakuu, mmenisaidia kunyoosha nilichotaka kusema.

KamangaFeri, Wamarekani waliwahi kukutana na swali lako. Mwaka 1983, wakati wauguzi walikuwa adimu kwao, Akademia ya Uuguzi ya Marekani ilichapisha utafiti kuhusu hospitali 41 ambazo wauguzi walikuwa hawazikimbii, wakaziita sumaku. Walichokuta si mishahara peke yake. Wauguzi walikuwa na sauti katika maamuzi, viongozi wao walionekana wodini, na madaktari waliwaheshimu. Yaani uongozi mzuri wenyewe unabakiza watu. Ajira tunazozililia zikija halafu wodi ikawa ya barua za kujieleza, hao vijana watahama au watabaki miili tu.

Ningependa tuanze na kile ambacho hakisubiri Dodoma. Makabidhiano kitandani, kila zamu, inchaji akiwepo ya asubuhi. Mgonjwa aliyezidiwa ndiye anaanza, siyo kitanda namba moja. Sista, hilo la ampuli: taarifa ya jambo lililokaribia kutokea isiandikwe jina la mtu, iandikwe dawa, rafu na saa, na jibu lirudi wodi zote ndani ya wiki. Matroni ndiye wa kulilinda hilo, maana inchaji peke yake hawezi kuzuia barua inayotoka juu. Na inchaji apewe angalau siku moja kwa wiki asiyohesabiwa kwenye kugawa wagonjwa. Najua KamangaFeri atasema hiyo siku itatoka wapi. Itatoka kwenye vikao na semina za hotelini tunazotoa watu wodini kila mwezi.

DkZamuYaUsiku

Kwenye makabidhiano ongeza daktari wa zamu. Sisi nasi tunakabidhiana kwa simu tukiwa kwenye bodaboda, halafu tunamlaumu nesi.

MwaloniKirumba

Mimi natoka upande wa manunuzi, naomba nisipigwe mawe. Inchaji anaandika "glavu, haraka" kwenye karatasi, tarehe hakuna, idadi hakuna, anakuja kugomba dirishani. Mwingine anakuja na daftari: wiki iliyopita nilitumia hizi, zilizobaki hizi, Ijumaa zitaisha. Huyo wa pili hata nikiwa na boksi moja najua nimpe nani. Siyo upendeleo, namwelewa. Kama mnafundisha mainchaji, siku moja waleteni stoo waone jinsi oda inavyotoka na inavyochukua muda.

MatroniMstaafu

Mwanangu, na nyie wa stoo siku moja mje wodini usiku.

MwaloniKirumba

Matroni, nimekubali. Ila chai iwepo.

MtuWaIgoma

Swali la mtu wa nje. Hayo makabidhiano kitandani, ndugu tukiwepo tunaruhusiwa kusikiliza au tunafukuzwa? Na mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie siri za mwenzake?

MkungaWaZiwa

Swali zuri sana. Wakati huo kwa kawaida ndugu wanakuwa hawajaruhusiwa kuingia. Mambo ya siri, mfano majibu ya vipimo fulani, hayasemwi kitandani. Yanaandikwa na kuonyeshwa kwa kidole kwenye faili, au yanasemwa kando. Kitandani tunasema hali, dawa, kinachosubiriwa, na tunamuuliza mgonjwa kama kuna lililosahaulika.

SistaMpya

Mleta uzi, kuna fomu mnayotumia? Yetu ni daftari la kaunta tu, kila mtu anaandika anavyojisikia.

MkungaWaZiwa

Ipo, ukurasa mmoja, tumeichora wenyewe. Ina safu ya "nani amezidiwa" juu kabisa na safu ya "kisichofanyika na kwa nini" chini. Hiyo ya chini ndiyo watu waliipinga sana mwanzoni. Naiweka hapa nikitoka zamu.

KamangaFeri

Na posho ya inchaji je? Mmepita kimya.